Uzi: Namba mbili, njia moja. Jinsi ya kufumbua Numberlink bila kubahatisha

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Katika nyuzi zinazohusu michezo ya simu nimekuwa nikiona watu wakiulizana namna ya kuvuka hatua fulani ya ule mchezo wa kuunganisha vitone vya rangi moja, na jibu wanalopewa karibu kila mara ni kwamba mtu aendelee kujaribu mpaka ikubali. Jibu hilo linaunyima mchezo kile kilicho kizuri kuliko vyote ndani yake. Mafumbo mengi ya aina hii, yakiwa yametungwa na mtu anayejua kazi yake, hufumbuliwa kwa hoja tupu, hatua moja ikizaa nyingine, na mfumbuaji hahitaji kubahatisha hata mara moja. Ninaomba nafasi ya kulieleza hilo kwa urefu, kwa sababu ninaamini mtu akishaonja raha ya kuijua njia kabla ya kuichora, hatarudi tena kwenye kupapasa.

Kwanza asili yake, kwa ufupi. Kampuni ya Nikoli ya Japani, ambayo jarida lake la mafumbo lilianza mwaka 1980 na ambayo mwaka 1984 ilichapisha fumbo ambalo dunia ilikuja kulijua kwa jina la Sudoku, ndiyo iliyoeneza fumbo hili kwa jina la Numberlink, na toleo lake linalotumia herufi badala ya namba likaitwa Arukone. Lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Sam Loyd, mtunzi wa mafumbo wa Marekani, alichapisha fumbo la jamii hii mwaka 1897 katika safu yake kwenye gazeti la Brooklyn Daily Eagle. Mwingereza Henry Dudeney naye, katika kitabu chake cha mwaka 1917, aliweka fumbo la wenye magari wanane waliokwenda kanisani asubuhi moja, kila mmoja kutoka nyumba yake hadi kanisa lake, bila gari lolote kukatiza mahali lilipopita jingine. Toleo lililoingia katika simu nyingi ni Flow Free la Big Duck Games, lililotoka mwaka 2012, ambalo limeweka rangi mahali pa namba.

Sheria ni chache. Unapewa gridi ya visanduku, na baadhi yake vina namba, kila namba ikitokea mara mbili. Unaunganisha kila jozi kwa njia moja inayopita katikati ya visanduku, kwenda juu, chini, kushoto au kulia, bila kwenda mshazari. Njia hazikatani, hazigawanyiki, hazipiti mara mbili katika kisanduku kimoja, wala hazipiti juu ya kisanduku chenye namba. Hapo ndipo sheria za Nikoli zinapoishia. Flow Free imeongeza sharti kwamba kila kisanduku kijazwe, na ninawaomba mlikumbuke sharti hilo, kwa kuwa linabadilisha mengi na nitalirudia.

Nimetunga fumbo dogo ili tulifumbue pamoja. Herufi zinaonyesha safu wima, na tarakimu za pembeni zinaonyesha safu mlalo, ili nikisema E5 mjue ni kona ya chini kulia.

```
     A  B  C  D  E
1    .  .  .  .  .
2    .  2  .  .  1
3    .  3  4  .  .
4    .  .  .  4  2
5    1  .  .  .  3
```

Mtu anayebahatisha ataanza na jozi ya 1, kwa kuwa ni ya kwanza, au na jozi ya 4, kwa kuwa zimekaribiana. Anayefikiri huanza mahali palipobana. Namba 3 iliyoko E5 ina majirani wawili tu: E4 chenye 2, na D5. Kwa hiyo njia yake lazima itokee D5, na ikifika hapo haiwezi kupanda D4 kwa kuwa pana 4, basi inaingia C5. Tuiache hapo kwanza. Namba 2 iliyoko E4 imezibwa chini na 3 na kushoto na 4, hivyo inapanda E3. Juu ya E3 pana 1, kwa hiyo inageuka kushoto hadi D3. D3 nacho kina 4 kushoto na 4 nyingine chini, kwa hiyo njia inapanda D2.

Sasa itazameni namba 4 ya D4. Juu yake pamepita 2, kulia kwake ipo 2, chini pamepita 3. Imebakiwa na C4 peke yake. Na C4 kikishakuwa cha 4, njia ya 3 iliyosimama C5 haina ruhusa ya kupanda, inaendelea B5, kisha inapanda B4 kwa sababu A5 kina 1. Hiyo 1 ya A5, baada ya kuzibwa upande wa kulia, inapanda A4, na kwa kufanya hivyo inaiachia 3 mlango mmoja tu, nao ni B3, mwisho wa safari yake. Njia ya 4 iliyokuwa C4 imezungukwa, inapanda C3 na kukamilika.

Kinachobaki kinajimaliza chenyewe. Njia ya 1 inapanda ukingo wa kushoto hadi A1, kwa kuwa B3 na B2 vina namba za wengine, kisha inapita B1 hadi C1. Kutoka upande wa pili, 1 ya E2 haiwezi kwenda D2 wala E3 kwa sababu vyote ni vya 2, kwa hiyo inapanda E1, inaingia D1, na kukutana na mwenzake C1. Njia ya 2 iliyokuwa ikingoja D2 inapita C2 na kufika B2.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, hakuna hatua hata moja tuliyosema "labda." La pili, gridi nzima imejaa ingawa hatukutumia sharti la kujaza popote. Sharti hilo lilitimia lenyewe, na kwa maoni yangu hiyo ni dalili ya fumbo lililokazwa vizuri: suluhisho ni moja, na nafasi ya kupoteza haipo. Si kila fumbo lenye suluhisho moja hujaa lote, lakini watunzi makini hulenga yote mawili.

Hatua zote zile zimetokana na swali moja, ambalo ningependa kila mfumbuaji alizoee: ni kisanduku gani kisicho na hiari? Swali la "njia hii ipite wapi?" ndilo linalowapoteza watu, kwa sababu linawafanya wafuate njia moja hadi mwisho huku wakiwazibia wengine.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta uzi, shukrani kwa maelezo yaliyonyooka. Nimefuata hatua zako kwa kalamu na zote zimekaa sawa. Swali langu ni hili: katika gridi ya tano kwa tano kila namba iko karibu na nyingine, hivyo kubanwa ni rahisi. Je, katika gridi kubwa, ambapo katikati pana uwanja mtupu na namba zimetawanyika, mtu ataanzia wapi?

Mleta uzi:

Ndugu, swali lako ni zuri, na jibu lake ni kwamba katika gridi kubwa hoja za jirani kwa jirani hazitoshi, inabidi kutazama umbo la gridi yote.

Anza na ukingo. Chukua namba zote zilizo kwenye visanduku vya pembezoni na uzisome kwa mpangilio kuzunguka gridi. Jozi ambayo namba zake zote mbili ziko ukingoni, ikishaunganishwa, huikata gridi vipande viwili, na hakuna njia nyingine inayoweza kuvuka kutoka kipande kimoja hadi kingine. Maana yake ni kwamba ukikuta ukingoni mpangilio wa 1, 2, 1, 2, fumbo hilo halina suluhisho kabisa, na huna haja ya kuchora chochote. Ukikuta 1, 2, 2, 1, unajua tayari kwamba njia ya 1 itapita nyuma ya njia ya 2 na kuizingira. Mara nyingi njia zinazozingirwa namna hiyo hushikamana na ukingo tabaka kwa tabaka, na ukishaweka ya ndani, inayofuata inakuwa na ukingo mpya wa kuufuata.

Hoja ya pili inawahusu wanaofumbua kwa sheria za Nikoli, zisizodai kujaza, na inategemea imani kwamba fumbo lina suluhisho moja tu. Njia sahihi haiwezi kujigusa. Tuseme njia ya 5 imepita kisanduku fulani, ikazunguka, kisha ikarudi kupita kisanduku jirani na kile cha kwanza. Ingewezekana kuruka moja kwa moja kutoka cha kwanza hadi cha pili na kuacha mzunguko wote tupu, na hilo lingekuwa suluhisho jingine halali. Kwa kuwa tumeambiwa suluhisho ni moja, mzunguko huo haupo. Kwa hiyo huwezi kukuta visanduku vinne vya mraba wa mbili kwa mbili vyote vikiwa vya njia moja. Kwa mtindo huohuo, pale njia inapokata kona ndani ya mraba wa mbili kwa mbili, kisanduku cha nne hakiwezi kubaki kitupu, kwani kona ingeweza kugeuzwa ipite huko. Hoja hizi mbili peke yake hufuta uwezekano mwingi mno katikati ya uwanja mtupu ulioutaja.

Nisisitize kwamba hoja hizo hazifanyi kazi katika Flow Free. Pale, njia inaruhusiwa kuzungukazunguka na kujigusa, kwa sababu kila kisanduku lazima kijazwe na kukatisha mzunguko kungeacha nafasi tupu. Anayetoka mchezo mmoja kwenda mwingine asipojua tofauti hii atajikuta anakataa njia iliyo sahihi.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki, na mada hii imenigusa kwa sababu inafanana mno na kazi ya kusanifu bodi za saketi. Kwenye bodi ya tabaka moja, nyaya za shaba huchorwa bapa, na mbili zikikutana ni shoti. Kila pini ina pini yake ya kuunganishwa nayo. Hilo ni Numberlink kwa kila hali, isipokuwa kwamba sisi tukishindwa tuna ruhusa ya kutoboa bodi na kupitisha waya upande wa pili.

Mwaka 1961, C. Y. Lee wa maabara za Bell alichapisha mbinu ya kompyuta ya kutafuta njia ya waya. Kisanduku cha mwanzo hupewa sifuri, majirani zake moja, majirani wa majirani mbili, na kuendelea, kama wimbi linalotanuka na kuzunguka vizuizi, hadi lifike kwenye pini inayotafutwa. Kisha kompyuta hurudi nyuma kwa kufuata namba zinazopungua. Mbinu hiyo haikosi njia iwapo njia ipo, na huipata iliyo fupi kuliko zote. Udhaifu wake ni kwamba hushughulikia waya mmoja kwa wakati. Waya wa kwanza hupata njia fupi kabisa, halafu wa kumi hukuta kila mahali pamezibwa. Nadhani ndivyo wanavyocheza watu wengi: wanaunganisha jozi iliyo rahisi kwa njia fupi, kisha wanashangaa mbona mwisho haufiki.

Katika kuthibitisha ugumu wa jambo hili, James Lynch alionyesha mwaka 1975 kwamba tatizo la kuunganisha pini nyingi bila njia kukutana ni miongoni mwa yale yanayoitwa NP-kamili. Kukagua jibu ukishapewa ni rahisi, unafuata njia kwa kidole, lakini hakuna anayejua mbinu ya jumla ya kulipata ambayo itabaki ya haraka gridi inapokua. Kuhusu fumbo lenyewe la Numberlink, Kotsuma na Takenaga walithibitisha hivyo mwaka 2010, na mwaka 2015 Aaron Adcock na wenzake, akiwemo Erik Demaine, wakathibitisha hata kwa toleo linalodai gridi ijazwe yote.

Mleta uzi, sasa nikuulize kwa heshima: ikiwa hisabati inasema hakuna mbinu ya jumla ya haraka, unawezaje kusema kwamba kubahatisha hakuhitajiki?

Mleta uzi:

Fundi, nashukuru kwa mchango huu. Ulichoeleza kuhusu mbinu ya Lee nitakitumia kila nitakapofundisha mchezo huu, kwa kuwa kinaonyesha waziwazi kwamba njia fupi ya mmoja inaweza kuwa maangamizi ya wote.

Jibu la swali lako liko katika neno "jumla." Uthibitisho wa NP-kamili unazungumzia kila gridi inayoweza kuandikwa, pamoja na zile zilizoundwa kwa makusudi ili ziwe na ugumu wa kutisha. Haudai kwamba kila gridi ni ngumu. Fumbo linalotungwa kwa mkono, kama ilivyo desturi ya Nikoli, huanzia kwenye hoja: mtunzi anaamua mfumbuaji aone nini kwanza, nini baadaye, na anapanga namba ili mlango mmoja ukifunguka uonyeshe unaofuata. Fumbo linalozalishwa na programu kwa kuchora njia ovyo na kubakiza ncha zake linaweza kuwa na suluhisho moja na bado lisiwe na mlango wowote wa kuingilia isipokuwa kujaribu na kufuta. Hapo sitabisha, kubahatisha kutahitajika, na ushauri wangu ni kuliacha fumbo hilo na kutafuta jingine. Muda wa mtu una thamani kuliko huo, na lawama ni ya mtunzi.

Mchangiaji wa tatu:

Habari zenu nyote. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi. Nimewapa wanafunzi wangu mchezo huu kwa sheria ya kujaza kila kisanduku, kwa sababu daftari la hesabu tayari lina miraba na hakuna gharama. Kisha nikawaambia watunge ya kwao. Kikundi kimoja kilileta hili:

```
     A  B  C  D
1    1  2  .  .
2    .  .  .  2
3    3  .  .  .
4    .  .  3  1
```

Tumelifanya darasani kwa njia nyingi. Jozi zote zinaunganika, lakini kila tukijitahidi kuna kisanduku kinachobaki kitupu: mara C2, mara B3, mara D1. Watoto wanaamini ipo njia ambayo hatujaiona. Naomba msaada, mleta uzi, kabla sijawapa jibu lisilo sahihi.

Mleta uzi:

Mwalimu, njia hiyo haipo, na ninafurahi kwamba unaweza kuwathibitishia hivyo bila kuchora mstari hata mmoja.

Waambie wapake visanduku rangi kama ubao wa drafti, cheusi na cheupe vikipokezana, A1 kikiwa cheusi. Kila hatua ya njia hutoka cheusi kwenda cheupe au cheupe kwenda cheusi. Kwa hiyo njia ambayo ncha zake ni za rangi tofauti hutumia vyeusi na vyeupe kwa idadi sawa. Njia ambayo ncha zake zote ni nyeusi hutumia cheusi kimoja zaidi, na ambayo ncha zake zote ni nyeupe hutumia cheupe kimoja zaidi. Gridi ya nne kwa nne ina vyeusi 8 na vyeupe 8. Ili ijae yote, jozi za nyeusi kwa nyeusi lazima ziwe sawa kwa idadi na jozi za nyeupe kwa nyeupe.

Katika fumbo la wanafunzi wako, namba 1 ziko A1 na D4, zote nyeusi. Jozi ya 2 ina nyeupe kwenye B1 na nyeusi kwenye D2, na jozi ya 3 ina nyeusi kwenye A3 na nyeupe kwenye C4. Kuna jozi moja ya nyeusi kwa nyeusi na hakuna ya kuisawazisha, kwa hiyo angalau kisanduku kimoja cheupe lazima kibaki. Kagueni vile ulivyovitaja: C2, B3 na D1 vyote ni vyeupe.

Mkilirudia fumbo langu la kwanza la tano kwa tano, ambalo lina vyeusi 13 na vyeupe 12, mtaona kwamba linadai jozi moja zaidi ya nyeusi kwa nyeusi, nayo ni jozi ya 4, iliyoko C3 na D4.

Kulirekebisha la wanafunzi ni jambo dogo. Wahamishe 3 kutoka A3 hadi B3, ambacho ni cheupe. Sasa jozi ya 3 ni nyeupe kwa nyeupe na hesabu inalingana:

```
     A  B  C  D
1    1  2  .  .
2    .  .  .  2
3    .  3  .  .
4    .  .  3  1
```

Kwa sheria ya kujaza, suluhisho ni moja. Njia ya 2 inapita kona ya juu kulia: B1, C1, D1, D2. Njia ya 1 inashuka A2, inapita B2, C2, C3, D3 na kufika D4. Njia ya 3 inazunguka kona ya chini kushoto: B3, A3, A4, B4, C4. Kwa sheria za Nikoli, yangekuwepo masuluhisho mawili, kwa kuwa njia ya 3 inajigusa pale B3 na B4 na ingeweza kushuka moja kwa moja. Kwa hiyo wakiliandika ubaoni, waandike na sheria yake juu.

Mchangiaji wa tatu:

Nimelipata, na nimelijaribu kwa rangi kabla ya kuandika hapa. Kesho kila kikundi kitahesabu rangi za jozi zake kwanza, ndipo kiruhusiwe kuwapa wengine fumbo lake. Ahsante sana.

Mchangiaji wa kwanza:

Mwalimu, naongezea jambo moja kwa ajili ya darasa lako, kama mleta uzi ataridhia: hesabu ya rangi ikilingana haimaanishi kwamba fumbo lina suluhisho. Ukingo wenye mpangilio wa 1, 2, 1, 2 utalikataa hata rangi zikiwa sawa. Wavipime vyote viwili.

Mleta uzi:

Naridhia kabisa, ndugu. Rangi inaweza kulikataa fumbo lakini haiwezi kulithibitisha, na ukingo vivyo hivyo. Kinacholithibitisha ni mtu mwingine kulifumbua mwanzo hadi mwisho bila kuonyeshwa jibu, akieleza kwa sauti sababu ya kila hatua. Watoto wabadilishane madaftari, na hatua yoyote itakayoanza na "nadhani" irudishwe kwa mtunzi.